Mzee apimwe, asinyang'anywe leseni kwa hesabu ya miaka

Mhariri,

Barazani hapa Malindi hoja hii haiishi: aliyepita miaka sabini aachie leseni ya gari au asiachie? Anayetaka aachie hutaja gari lililopanda kibaraza cha duka. Anayekataa hutaja mzee wa miaka themanini aendeshaye kwa utulivu kuliko vijana wote wa mtaani. Wote wawili wanahesabu miaka, na miaka ni kipimo kibovu. Kinachoendesha gari ni macho, shingo, mguu wa kulia na akili inayoamua upesi. Hivyo vinne vinapimika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani bila kulipa hata shilingi.

Macho ndiyo ya kwanza kwa sababu huharibika kimyakimya. Mtu wa miaka sitini hupokea nyuma ya jicho takriban theluthi moja ya mwanga aliokuwa akipokea alipokuwa na miaka ishirini. Tundu la mboni husinyaa na lenzi hugeuka rangi ya njano. Mchana hajui kitu, kwa kuwa jua la Pwani linatosha na kubaki. Giza likiingia ndipo deni linapodaiwa. Barabara ya kutoka Gede kuja Malindi ina vipande virefu visivyo na taa, na pembeni mwake kuna baiskeli isiyo na kiakisi, mkokoteni, na mama aliyevaa buibui. Matatu ya mbele ikiwasha fulu, jicho la kijana hurudi mara moja. La mzee huchukua sekunde kadhaa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde. Sekunde mbili za kupofushwa ni mita 44 ambazo gari limekwenda bila dereva.

Miwani ya njano inayouzwa kuwa ni ya usiku isinunuliwe. Hupunguza mwanga katika jicho ambalo tayari linaulilia. Kinachosaidia ni kusafisha kioo cha mbele kwa ndani na kwa nje, maana chumvi ya bahari hukiachia utando ambao taa za wenzako zikiupiga hugeuka ukungu mweupe, na kung'arisha vioo vya taa vilivyopauka. Magari mengi yetu yametumika Japani kabla ya kuja huku, na plastiki ya taa zake imeshaungua kwa jua.

Kuna maradhi mawili ya macho ambayo watu huyachanganya, na tofauti yake ndiyo inayoamua mambo ya leseni. Mtoto wa jicho huleta ukungu mbele, mgonjwa huujua, na upasuaji huuondoa. Mzee mwenye mtoto wa jicho asiambiwe aache gari milele, aambiwe asimame, atibiwe, kisha apimwe upya daktari akiridhika. Presha ya jicho ni kinyume chake. Hula pembeni mwa uoni polepole, haiumi, na kilicholiwa hakirudi. Ubongo hujaza pengo lenyewe, kwa hiyo mwenye jicho haoni kwamba haoni. Dalili yake barabarani husikika katika maneno: "Bodaboda imetoka ghafla." Dereva akisema hivyo mara tatu katika mwezi mmoja, si bodaboda zilizobadilika. Apelekwe kliniki ya macho, aombe kupimwa presha ya jicho na upana wa uoni, asikubali kusomeshwa herufi za ukutani tu, kwa sababu herufi hizo atazisoma vizuri kabisa.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Egesha gari mchana, hesabu hatua ishirini na saba hivi za mtu mzima, ambazo ni karibu mita 20, kisha asome namba ya gari akiwa na miwani yake ya kuendeshea. Uingereza hutumia umbali huohuo. Asome kwa macho yote mawili, halafu azibe moja moja. Akikosea herufi asikisie; arudi kwa daktari kabla ya kurudi kwenye usukani.

Jambo jingine la macho ambalo watu wa huku wanapaswa kulijua ni upande wa jua. Barabara ya kutoka mjini kwenda Ganda na Kakoneni inaelekea magharibi. Anayeishi huko akija mjini asubuhi hukabiliana na jua linalochomoza, na akirudi jioni hukabiliana nalo linapozama. Mzee wa njia hiyo hupigwa mara mbili kwa siku. Aje saa nne, aondoke saa tisa, na tatizo hilo litakuwa limekwisha bila dawa wala sheria.

Sasa shingo, na hapa ndipo ajali za wazee zinapozaliwa. Kijana hugonga kwa mwendo; mzee hugonga kwenye makutano, hasa anapokata kulia kuvuka njia ya wanaokuja. Kwa sekunde chache anatakiwa ageuze kichwa pande zote mbili, akadirie mwendo wa vyombo viwili au vitatu, akumbuke anayevuka kwa miguu, halafu aamue. Pikipiki humdanganya zaidi. Kwa kuwa ni nyembamba, huonekana iko mbali na inakuja taratibu kuliko ilivyo. Shingo yenye baridi yabisi huongeza shida, maana dereva hugeuza macho badala ya kichwa, na nguzo ya pembeni ya kioo inatosha kuficha bodaboda nzima.

Mjaribuni hivi: akae kwenye kiti amefunga mkanda, mtu asimame nyuma ya gari kwa pembeni na kuonyesha vidole. Ageuke avihesabu bila kutumia kioo, kulia kisha kushoto. Akishindwa, vioo vya pembeni vipanuliwe nje mpaka ubavu wa gari lake usionekane isipokuwa akiinama kidogo. Na aache kukata kulia penye msongamano, kama vile kutoka kituo cha mafuta kwenye barabara ya Lamu wakati wa watu kutoka kazini. Atoke kushoto, aende mpaka mahali patulivu, ageuze. Dakika tatu zaidi si hasara.

Kiti nacho kina makosa yake. Macho yawe juu ya ukingo wa usukani kwa upana wa vidole vinne hivi, na kifua kiwe sentimita 25 kutoka kwenye usukani ili mfuko wa hewa usije ukamvunja mbavu. Mzee aliyepungua kimo akalie mto mgumu. Mto laini huteleza, na mkanda hupanda tumboni.

Mguu wa kulia una adui mkubwa huku kwetu, nao ni kisukari. Kikiua neva za nyayo, mguu haujui umekanyaga breki au mafuta. Katika gari la manyuali dereva akikosea anaweza kukanyaga klachi au injini ikazima; katika gari la otomatiki hakuna kinachomwokoa, na ndiyo sababu gari hupanda vibaraza likiwa limeegeshwa vizuri dakika moja kabla. Kliniki ya kisukari hupima nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni: mgonjwa hufumba macho na kusema lini ameguswa. Asiyehisi uzi huo asiendeshe gari. Anayehisi ajaribiwe gari likiwa limezimwa: macho mbele, ahamishe mguu kutoka mafuta kwenda breki mara kumi. Akikosa hata mara moja au akitazama chini, jibu limepatikana. Ndara na makubadhi yaliyolegea yaachwe nje ya gari, kwani hujikunja chini ya kikanyagio. Avae kiatu chenye soli nyembamba na kilichofunga kisigino.

Mwendo wa miguu pia husema kweli. Aende mita tatu haraka awezavyo, ageuke, arudi. Akizidisha sekunde tisa, hatari imepanda.

Dawa ndizo zinazosahaulika kuliko vyote, kwa sababu mzee hutibiwa na madaktari watatu ambao hawajuani. Piriton ya mafua huleta usingizi unaoendelea hata asubuhi. Amitriptilini ya maumivu ya neva, ikinywewa usiku, humfuata mtu barabarani saa mbili asubuhi. Dawa za presha zinapoongezwa huleta kizunguzungu katika siku za mwanzo. Anayedunga insulini au kumeza glibenklamidi ya kisukari apime sukari kabla ya kuwasha gari kwa kipimo cha mmol/L: ikiwa chini ya 5 ale kwanza, na ikiwa chini ya 4 asiendeshe, ale, apime tena, asubiri dakika 45 tangu irudi sawa. Wakati wa Ramadhani hatari hii hukusanyika baada ya alasiri, pale ambapo kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu. Mwenye dawa hizo aliyefunga asishike usukani saa hizo. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, mpelekee mfamasia, muulize moja tu: ipi inazuia kuendesha?

Akili huchelewa kusemwa kwa sababu familia inaona haya. Mpeni karatasi achore uso wa saa, aweke namba zote, mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mswahili anatakiwa ajue kwamba saa tano hukaa kwenye 11, kwa hiyo kazi ni mbili ndani ya moja. Namba zikirundikana upande mmoja, au mishale ikipotea, nendeni hospitali. Na tembeeni kulizunguka gari kila mwezi: michubuko mipya kwenye bampa na vioo vya pembeni haidanganyi. Mzee anayepotea njia aliyoipita miaka arobaini asipewe ufunguo hata kesho.

Kuhusu sheria, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwombaji wa leseni aeleze kama ana maradhi au ulemavu unaoweza kufanya uendeshaji wake uwe hatari. Maana yake mzigo wa kusema uko kwa mtu yuleyule ambaye presha ya jicho imemficha ukweli. Leseni ya kadi mpya hukaa miaka mitatu, na kuiongeza ni kazi ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Naomba NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iongeze kitu kimoja: aliyefika miaka 70 aambatanishe cheti cha macho chenye upana wa uoni, si herufi peke yake. Uingereza humtaka mwenye miaka 70 aombe upya kila miaka mitatu, lakini hujieleza mwenyewe, na huo ni udhaifu. Japani imekwenda mbele zaidi: mwenye miaka 75 hupimwa kumbukumbu kabla ya kuongeza leseni, na anayeirudisha kwa hiari hupata cheti ambacho sehemu nyingi humpunguzia nauli. Hilo la nauli ndilo Kaunti ya Kilifi ingeiga kwanza.

Wanaotaka wazee wote wafutwe wakumbuke pia kwamba mzee akipata ajali mara nyingi anayekufa ni yeye. Kishindo kinachomwachia kijana michubuko humvunja yeye mbavu na nyonga. Kumpima ni kumlinda.

Anayeshindwa kipimo kimoja si lazima apoteze vyote kwa siku moja. Kwanza aache usiku. Baadaye aache barabara kuu ya Mombasa na abaki mjini kwa mwendo usiozidi 50. Kisha aache mvua na saa za msongamano. Anayeteremka ngazi hizi mwenyewe hufika chini bila ugomvi. Kinachoharibu ni mtoto kuja kutoka Nairobi likizoni, kuficha ufunguo na kuondoka Jumapili, na mzee kubaki Maweni bila njia ya kufika dukani wala msikitini. Katika mji wa Lamu mzee hutembea; nyumba, soko na msikiti vimekaribiana, na magari hayaingii vichochoroni. Malindi imetawanyika, na kumwondolea mtu gari hapa bila mbadala ni kumfungia ndani.

Kwa hiyo mbadala utangulie. Mtafuteni dereva mmoja wa tuktuk, mtu mzima, anayejulikana mtaani. Kubalianeni siku: kliniki, soko, Ijumaa. Mlipeni kwa mwezi kwa M-Pesa, pesa zitoke kwa watoto ili mzee asijione anaomba. Tuktuk ina sakafu ya chini ambayo magoti yanaimudu; matatu ina ngazi ndefu, na bodaboda isifikiriwe kabisa kwa mtu ambaye nyonga yake ikivunjika huenda asisimame tena. Pigeni hesabu ya bima, petroli, matairi na fundi wa mwaka mmoja, mgawanye kwa safari zake halisi. Mara nyingi tuktuk hutoka nafuu. Ianzeni mipango hiyo miezi miwili kabla, gari likiwa bado uani na ufunguo ukiwa bado kwake, ili siku ya kuuachia dereva wa tuktuk awe ameshazoea kusimama mlangoni kila Ijumaa saa sita.

Mwalimu wa udereva,
Barani, Malindi