Barua kwa mwanangu: wapime kwanza, ndipo wafungue

Moshi, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Huku sote ni wazima. Kifua cha bibi yako kimetulia, na mvua ya siku mbili hizi imeiinua migomba iliyokuwa imelala. Mjomba wako anakuja Arusha kesho alfajiri, basi nampa barua hii pamoja na ndizi za kupika. Nimeona niandike kwa sababu Jumatatu usiku kwenye simu tulikatizana maneno. Wewe gari limekuzimikia, uko kando ya barabara ya Arusha pale Kikatiti malori yanakupita, mimi niko jikoni roho mkononi. Hukunisikia vizuri, na mimi sikukueleza vizuri.

Najua uliniona mkorofi nilipokukataza gari lisivutwe kwa mnyororo, ukakaa masaa mawili gizani kusubiri gari la kubeba magari mabovu. Najua pia bado umenuna. Lakini sasa gari liko gereji Unga Limited, hapo Arusha, na umeniambia leo asubuhi kwamba fundi anataka kufungua injini. Hapo ndipo nikaacha kila kitu nikatafuta karatasi.

Unalikumbuka kovu la mkono wangu wa kulia? Ulikuwa darasa la tatu, umelala kiti cha nyuma juu ya mabalo ya vitenge. Ilikuwa Desemba 2009, ile wiki watu wote wanarudi Kilimanjaro kwa Krismasi, na barabara kutoka Arusha imejaa magari mpaka basi. Tumepita Boma Ng'ombe salama. Tuliposhuka bonde la Kikavu na kuanza kuupanda ule mlima, mbele yetu kuna lori la saruji linatambaa, mshale wa joto wa ile Corolla ukaanza kupanda. Nikauona. Nikasema nifike juu kwanza. Kabla ya kufika juu moshi mweupe ukatoka kwenye boneti, na mimi, kwa haraka zangu, nikakunja kanga nikashika mfuniko wa rejeta, ile inayopoza maji ya injini, nikauzungusha.

Maji ya rejeta hayafanani na maji ya sufuria, mama. Sisi huku juu sufuria linachemka kabla ya nyuzi 100. Arusha, ambayo iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko wa rejeta unayabana maji kwa nguvu ili yapite joto hilo bila kuchemka. Ukiufungua, kile kilichokuwa kimebanwa kinageuka mvuke palepale na kukurukia. Nilipiga ukelele ukaamka ukilia. Kisha, mkono unaniwaka, nikamwagia injini ile maji ya baridi kutoka kwenye dumu. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikapinda.

Kwa hiyo mshale ukipanda, zima kiyoyozi, weka pembeni, zima injini, na ukae. Nusu saa, zaidi ikibidi. Mfuniko usiuguse mpaka bomba la juu la rejeta liwe unaweza kulishika kwa mkono mtupu. Ukiona unachelewa shughuli yako, iache ichelewe.

Ila kilichoniuma kuliko mkono ni miezi iliyofuata. Gereji ya kwanza walisema rejeta imeziba, nikanunua rejeta. Gari likachemka. Ya pili wakasema wota pampu, ile inayozungusha maji, nikanunua. Likachemka. Wa tatu alitoa termostati, kile kilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akaitupa, akasema magari ya nchi za joto hayaihitaji, halafu ndipo tukashughulika na hedi na gasketi inayoiziba chini yake, na mtaji wangu wa vitenge wa miezi mitatu ukaishia hapo. Siku ile nalichukua gari gereji, nafika mlima uleule, mshale unapanda. Nilisimama pembeni nikalia mbele za watu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi huku Pasua. Yeye hakushika spana. Aliniuliza, "Mama, linachemka likiwa wapi?" Miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nikamwambia likikimbia kwenye tambarare mshale hautikisiki, likipanda polepole nyuma ya lori au kwenye foleni ndipo linachemka. Akaliwasha, akaliacha linguruma limesimama, akaniletea kigoda tukakaa. Mshale ukapanda polepole. Akaniambia, "Sikiliza." Nikasikiliza. Sikusikia kitu. "Ndiyo hivyo," akasema, "feni haizunguki." Gari likiwa kwenye mwendo upepo wa barabara unatosha kuipoza rejeta; likienda polepole ni lazima feni ifanye kazi.

Akazima, akafungua kiboksi cha fyuzi, akachomoa kijidude cheusi cha mraba, kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa na miguu ya shaba, na mguu mmoja plastiki yake imeyeyuka ikawa rangi ya kahawa. Rilei ya feni, yaani swichi inayoipelekea feni umeme. Akachukua nyingine ya mfano uleule iliyokuwa jirani yake, akaichomeka pale kwa kujaribu, akawasha. Baada ya muda nikasikia "tik", na feni ikavuma. Rejeta nzima, pampu nzima, vyote nilivyotupa vilikuwa vizima. Hata termostati aliniwekea nyingine, kwa sababu injini isiyopata joto lake inakula mafuta na haiishi vizuri.

Sasa tuje kwako. Uliniambia gari lilikata moto ghafla ukiwa kwenye mwendo. Mshale wa joto uko katikati, mahali pake. Ukipiga stata injini inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki. Ukakaa nusu saa, likawaka, ukaenda kama kilomita mbili, likazima tena. Yule kijana wa njiani akasema injini imekufa, na kwamba ana rafiki mwenye injini ya mtumba. Nakushukuru sana hukumpa hela. Injini iliyokufa haifufuki kwa kupumzika nusu saa.

Simpimi mgonjwa kwa simu, ila hicho ulichonisimulia ndicho cha kumweleza fundi, neno kwa neno, kabla hajafungua boneti. Stata inapozunguka kwa nguvu, betri haina kosa. Betri iliyoshiba na kupumzika inasoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka alteneta, ile inayoichaji, inaipandisha hadi 13.8 au 14 na kitu. Mwambie apime, ni kazi ya dakika moja. Injini inayozunguka bila kuwaka imekosa moto wa plagi au imekosa petroli. Basi lile gari lipashwe moto mpaka lizime tena palepale gereji, na likishazima tu, apime vyote viwili: plagi inatoa cheche? Petroli inafika kwa presha? Likipimwa limepoa na linawaka, hamtaona chochote.

Halafu mashine. Gari lako lina kompyuta inayoweka kumbukumbu ya hitilafu, na fundi akichomeka kipimo chini ya usukani atapata namba, herufi P na tarakimu nne. Piga picha namba hizo zote. Asizifute kabla hujapiga picha, na asichomoe betri, maana kwa magari mengi betri ikichomolewa kumbukumbu hufutika. Mkiona P0335, hiyo inahusu sensa ya krankishafti, ile inayoiambia kompyuta shafti ya injini imefika wapi. Kompyuta ikikosa habari hiyo haitoi moto wala petroli, na sensa ikichoka inaweza kukata ikipata joto na kurudi ikipoa. Lakini sikia hapa vizuri: namba ile haisemi "badilisha sensa". Inasema njia ya habari ya sensa ina tatizo. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliokatika ndani ya ganda lake, inaweza kuwa kiunganishi cha waya kimeingia maji. Fundi anayesoma namba na kukimbilia duka la spea hajapima, amesoma tu. Na kama hakuna namba yoyote, basi pampu ya petroli inaulizwa, kwa sababu nayo ikichoka huwa na tabia hiyohiyo ya kukata ikipata moto.

Mbona anataka kufungua injini, basi? Muulize ameona nini. Gasketi ikiungua kuna dalili: oili inageuka kama chai ya maziwa, rejeta inatoa mapovu, maji yanapungua bila kuvuja. Wewe chomoa kijiti cha oili mwenyewe ukifute kwenye tishu nyeupe ukitazame. Usione aibu. Wanaume watakuangalia kama mtu anayewaingilia kazi. Waangalie tu, hela ni yako.

Kuhusu mnyororo. RAV4 yako ni ya otomatiki na inavuta matairi yote manne. Gia ya otomatiki ina pampu yake ya oili, na pampu hiyo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezima na matairi yanazunguka kwa kuvutwa, vyuma vya ndani vinasagana bila oili ya kutosha, hata ukiweka N, gia huru. Ungeweza kutoka Kikatiti na tatizo dogo ukafika Arusha na giaboksi iliyoungua. Hata kuinuliwa matairi mawili tu hakufai kwa gari la aina hiyo. Linapandishwa lote juu. Na jambo la pili ndilo lililonifanya nikafoka: gari likizima, breki inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakuwa mzito, na yule aliyetaka kukuvuta angekuweka wewe ushike usukani, usiku, kwenye barabara ile, mita chache nyuma ya tela lake. Hapana. Heri ninuniwe.

Safari nyingine mkubaliane bei mpaka mlangoni mwa gereji kabla hajafunga kamba yoyote, na umtumie ujumbe ili iandikwe. Piga picha gari pande zote na kilomita zilizosomeka. Toa laptopu na kadi ya gari. Tena angalia karatasi ya bima yako. Umekata bima kubwa, na nyingine zinalipia kuvutwa. Soma uone kama yako imo.

Na pembetatu. Ulisema ulikata majani ukayatandaza kwa sababu pembetatu zilikuwa chini ya mizigo. Zihamishie mlangoni. Majani usiku hayang'ai yakipigwa na taa za mtu. Ziweke mbali nyuma, hatua 50 au zaidi, na zaidi kama kuna kona, uwashe taa zote za kuashiria, kisha wewe utoke ukasimame mbali na lami, usikae ndani ya gari na usiegemee buti. Ukiona pamekaa vibaya, piga 112. Na mkishamaliza, yale mawe mliyozuia matairi yaondoeni barabarani. Hili nalisema kwa uchungu. Kila nikipita njia ile naona mawe yameachwa katikati ya lami, na bodaboda anakuja gizani na abiria wake. Mpe shukrani zangu yule mama wa chai aliyekaa na wewe mpaka gari la kubeba likafika. Nimemwekea mkungu mmoja, mjomba wako ataushusha pale akipita.

Nakuja Ijumaa. Nitapanda kosta ya kwanza, na saa tatu nitakuwa stendi Arusha. Mwambie fundi, kwa heshima, kwamba kipimo nitalipia mimi, na kwamba asiguse boliti hata moja ya injini mpaka tufike. Kama ameshabadilisha kitu, akuwekee kile cha zamani nikione. Njoo na funguo, na uniletee koti lako zito, maana asubuhi kwenu kuna baridi.

Mimi mama yako.