Hazina ya nyumba inatuzungusha

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Lenu nimelisoma tangu nikiwa mwalimu mgeni hapa Machakos na sijawahi kuwasumbua. Lakini ile taarifa yenu kwamba pesa za wanaonunua nyumba za bei nafuu za serikali zitarudi kwenye hazina ya nyumba zijenge nyingine, na nyingine tena, imenikaa kooni.

Pigeni hesabu wenyewe. Bedsita, yaani chumba kimoja, ya Mukuru, Nairobi, bei yake ni Sh640,000, malipo Sh3,900 kwa mwezi. Hata riba ukiiweka kando, itapita zaidi ya miaka 13 kabla chumba kimoja hakijarudisha pesa za kujenga kingine, na saruji haitawasubiri kwa bei ya leo. Kwenye chama chetu cha akina mama, tunakochanga na kupokea kwa zamu, zamu ingechukua miaka 13, mweka hazina angekuwa ameshahama mtaa. Kinachoijaza hazina hiyo ni mshahara wangu: ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kila mwezi, na mwajiri anaongeza kiasi kicho hicho.

Nilikwenda kuulizia zamu yangu. Kijana wa kaunta, simu sikioni, akanisukumia fomu na kuniambia niweke kwanza amana ya asilimia 10. Nikakunjua hati yangu ya mshahara, nikaweka kidole penye ushuru wa nyumba. Hizi hapa si mnazo tayari? Akacheka. "Madam, hiyo haihesabiwi. Hiyo ilishaenda." Ilienda wapi? Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema makato yale yanakiuka katiba. Mimi sikurudishiwa hata shilingi. Bunge likapitisha sheria mpya, ikatiwa sahihi Machi 19, 2024, tukakatwa upya. Kisha tukasikia mabilioni yamewekwa kwenye hati za muda mfupi za serikali. Yaani serikali inanikata ili ijenge, inajikopesha pesa zizo hizo, halafu inajilipa riba kwa kodi nyingine ninayokatwa mimi! Ile hazina ya nyumba za watumishi wa umma ya 2004 angalau mtu alilipa mkopo akiwa na funguo mkononi.

Na malandlodi je? Wangu amepandisha kodi ya chumba kwa sababu eti naye anakatwa. Maji ya mfereji huja usiku wa manane, yakija, na ukilalamika unaambiwa wapo wanaokitaka chumba hicho.

Mwajiri asipowasilisha ushuru huu ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha, hutozwa asilimia 3 kwa kila mwezi wa kuchelewa. Basi hazina nayo ipewe siku tisa. Kwenye lango la kila mtaa unaojengwa pawekwe ubao mweusi: zilizoingia kutoka kwetu, zilizorudi kutoka kwa wanunuzi, nyumba zilizoanzwa kwa hizo zilizorudi. Chaki nitaleta mimi. Wakichelewa, asilimia 3, irudi kwenye hati zetu za mshahara.

Mwalimu,
Machakos