Wanandoa wasikilizane kabla ya kufikishana barazani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ugomvi wa wanandoa, hasa ule unaoanzia kwenye mambo madogo ya nyumbani na kuishia mbele ya wazee wa kata.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka mpaka baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Baraza linatakiwa kumpa kila upande nafasi ya kusikilizwa. Utaratibu ni mzuri, ila nahofia kwamba kwa baadhi ya wanandoa hiyo ndiyo mara ya kwanza mmoja kunyamaza mpaka mwenzake amalize kusema, na wakati huo virago vimeshafungwa.

Tuchukue pesa ya matumizi. Mume anaacha shilingi 10,000 mezani asubuhi, jioni anauliza imetumikaje. Kichwani mwake kuna kodi ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, naye anauliza ili ajue kama kuna kitakachobaki. Mke, ambaye amenunua mkaa, unga, dagaa na mafuta ya kupima, kisha akaongeza umeme wa LUKU kwa faida ya maandazi yake kwa kuwa ile ya mezani haikutosha, anaona anaitwa mwizi, na anajibu kwa mkato. Mume naye anaona amedharauliwa mbele ya watoto. Kesho yake pesa inaachwa pungufu, chakula kinaandaliwa kwa kununa, na hatimaye shangazi na mjomba wanaitwa kusuluhisha "dharau" na "ubahili", ilhali kodi na bei ya mkaa, vilivyoleta ugomvi wenyewe, hakuna anayevitaja.

Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hata hivyo wapo wanaume wanaouliza hadi leo mke anayeshinda nyumbani amechoshwa na nini. Wapo pia wanawake ambao mume akichelewa kurudi mwisho wa mwezi huamua papo hapo kwamba kuna mwanamke mwingine, kumbe mwenzao anawakwepa wadai wa mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa, ambao ameona aibu kuutaja.

Lawama yangu naielekeza kwetu sisi wazazi, makungwi na washenga. Bibi harusi anafundwa siku kadhaa na kuchangiwa kicheni pati, na sehemu kubwa ya mafunzo ni kuambiwa avumilie. Bwana harusi anapewa maneno mawili matatu na wazee, kisha anapongezwa. Kuvumilia jambo usilolielewa ni kulilimbikiza tu. Ningependa wote wawili wakalishwe pamoja mbele ya watu wazima wa pande zote mbili, wazungumzie mapato, kodi, wadogo zao watakaokuja kuishi nao na fedha zinazotumwa kijijini. Na mmoja akilalamika, mwenzake alieleze kwanza lalamiko hilo kwa maneno yake mwenyewe, mlalamikaji akubali kwamba ndivyo alivyokusudia, ndipo ajibiwe. Zoezi hili linachosha, na mwanzoni wengi watajikuta wanarudia walichokidhani badala ya kilichosemwa.

Haya siyasemi kwa anayepigwa. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinaeleza kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Huyo asiambiwe ajiweke katika nafasi ya anayemuumiza, bali asindikizwe hadi Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Kwa wengine wote, masheikh wanaofungisha nikahi na makanisa yenye mafundisho ya ndoa kwa wachumba wanaweza kuanza na harusi zilizo mbele yao sasa, kwa kuwa jambo hili halihitaji bajeti wala sheria mpya.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam