Mwanya si ugonjwa: kabla hujaanza kupima meno ya wanafunzi

Kampala, Jumapili jioni

Ndugu yangu Yusufu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani huko Arua. Fomu yako ya kupima meno ya wanafunzi imenifikia na nimeisoma yote. Kazi ni nzuri, ila pana mahali itakudanganya, heri tuyaseme sasa kabla hujapanda boda kwenda shule ya kwanza.

Umechagua DAI (Dental Aesthetic Index), kile kipimo cha mwonekano wa meno cha 1986. Hesabu yake unaijua: unaanza na 13, kila milimita ya mwanya unaizidisha kwa 3, kila milimita ya meno ya juu kutokeza mbele kwa 2, na kadhalika. Akifika 31, mtoto anaandikwa kuwa na shida kubwa. Haya, mchukue msichana wa miaka 12 mwenye mwanya wa milimita 3, meno ya juu yametokeza milimita 4, jino moja la juu limepinda milimita 1, na kuna nafasi nyingine kidogo kati ya meno ya juu. 13, na 9, na 8, na 1, na 1: jumla 32. Umeshamwandikia waya wa kunyoosha meno binti ambaye mtaani anasifiwa kwa mwanya huohuo! Uondoe mwanya, anabaki na 23, hana neno. Mpime kwa IOTN, kipimo cha haja ya matibabu ya meno cha Brook na Shaw cha 1989: midomo yake ikifunga vizuri, anaangukia daraja la 2, na matibabu yanaanza kuhitajika kweli daraja la 4. Uzito wa DAI ulitokana na Wamarekani walioonyeshwa picha za meno na kuulizwa yapi yanapendeza. Sisi hatukuulizwa.

Lakini linalonisumbua zaidi ni kile ambacho DAI haikioni kabisa. Mtoto aliyeng'olewa ebinyo (vile vichipukizi vya chonge vinavyong'olewa kienyeji kwa kudhaniwa ni ugonjwa) akiwa mchanga hukosa chonge ya utoto, mara nyingi ya chini. Meno ya mbele husogea kuelekea pengo na mstari wa katikati unahama. Chonge ya utoto haihesabiwi, na hata ya kudumu ikikosekana, pengo likishazibika DAI haisemi kuna jino lililopotea. Mstari wa katikati nao haumo kwenye hesabu. Hayamo pia magego yanayoumana kinyume, wala chonge iliyokwama ndani ya fizi. Na spoku ya baiskeli inayotumika kung'olea ebinyo ikigusa kichipukizi cha jino la kudumu, jino hilo hutoka na madoa au umbo bovu, au halitoki. Kwa hiyo ongeza safu tatu: chonge isiyokuwepo, mstari wa katikati umehama milimita ngapi na upande gani, jino lenye kovu. Bila hizo utatoka na idadi kubwa ya mianya, na walioumizwa utawaandika wazima.

Usipime P4 (darasa la nne la msingi). Kati ya miaka 8 na 11 meno ya mbele ya juu hutawanyika kwa sababu chonge zinazoshuka zinasukuma mizizi, na mara nyingi pengo hujifunga zikishatoka. Chukua miaka 12 hadi 15, na uulize tarehe ya kuzaliwa. P6 moja inaweza kuwa na mtoto wa miaka 11 na mwingine wa 15. Muhula wa tatu waachie P7 PLE yao, mtihani wa kumaliza shule ya msingi.

Ukimwambia mtoto "uma meno", atasukuma taya mbele na vipimo vyote vitaharibika. Mwambie ameze mate kwanza, kisha aume kwa magego. Akae akielekea dirisha, proba (kifaa chembamba chenye alama za milimita) ilale sambamba na meno, andika milimita nzima. Mmoja kati ya kila kumi mpime tena siku nyingine bila kutazama fomu ya kwanza. Idadi: 384 ingetosha kama watoto wangechaguliwa mmojammoja, lakini wewe unachagua shule, na wa shule moja hufanana. Zidisha kwa 1.5, ufike 576.

Waya wengi wao hawataupata, hilo tunalijua wote. Ila kuna ambalo kituo chako kinaweza: gego la utoto la pili lizibwe badala ya kung'olewa, maana likitoka mapema gego la miaka sita huteleza mbele na kumeza nafasi ya jino linalokuja. Wa kuwaleta hospitali ya Mulago ni wenye meno yaliyotokeza zaidi ya milimita 6, kwani hao huvunja meno wakianguka, na wa miaka 10 au 11 ambao ukipapasa fizi juu ya meno ya utoto huigusi chonge. Hao wa chonge wasisubiri matokeo ya utafiti.

Nitumie fomu mpya kabla hujaipeleka kwa kamati ya maadili, nijaribu hesabu zake.

Nduguyo,
Kato