Kaka, kile kikombe cha bati ninacho mimi

Kaka,

Simu yangu hupokei, basi nakuandikia hapa, wasome watakaosoma. Mguu umepoa? Usishinde juani.

Ile siku haijanitoka. Tumekaa barazani tunachambua karafuu, mwanao kati yetu anacheka mpaka vikonyo vinamwagika. Akaomba maji. Ukainuka mwenyewe, ukaviruka vikombe vyote vya gilasi, ukamletea cha bati, kile kilichobanduka rangi mdomoni. "Chako hiki," mbele ya wageni. Mtoto wa miaka 16 yule! Akanywa, akakisuuza, akakitungika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Hakuuliza msumari uko wapi.

Maradhi ya kuanguka, hicho kifafa chake, hayaambukizi, kaka. Si kwa povu, si kwa mate, si kwa sahani. Ni ubongo unaovurugika kwa muda, kisha unatulia.

Unasema amekuwa mkorofi, anapiga wenzake, skuli hataki. Wewe ungezinduka chini, hujui uko wapi, wanaume wanne wamekukalia miguu, usingerusha ngumi? Na ile dawa yake ya kifafa, fenobabito, humfanya mtoto mwengine mkali, mwengine akasinzia darasani akaitwa mvivu. Hilo anaambiwa daktari, aitazame dawa. Wewe uliikata siku moja ukampa kombe, yale maji ya aya. Kombe na anywe, hata mimi nimelelewa kwa kombe. Lakini dawa ikikatwa ghafla, kuanguka hurudi kwa nguvu, na kulirudi. Wifi alinipigia usiku analia.

Ndiyo maana nikavuka naye boti. Huko Wete, Pemba, wanasema nimemwiba. Sikumwiba, mamake alijua. Wewe hukuambiwa, kweli. Ningekwambia, ungekubali?

Usidhani najiona mimi ndiye mjuzi. Lile jino lake la mbele nililivunja mimi, kwa kijiko, nikiogopa atameza ulimi. Kumbe ulimi haumezwi. Sasa namlaza ubavu, natia kanga chini ya kichwa, natazama saa. Zikipita dakika 5, natafuta gari. Wakati ule wa kijiko ningejua wapi, na nani aliniambia?

Juu ya mikarafuu hapandi, baharini haendi peke yake. Mengine simkatazi. Juzi kagombana na mtoto wa jirani, na safari hii kosa lilikuwa lake, nimemwambia.

Wifi, ile mbaazi imefika, ahsante.

Anauliza baba atakuja lini. Namwambia karafuu zikiisha. Kikombe nilikichukua siku ile ile, nimekitia kwenye mkoba. Nakinywea chai mimi.