Mlango wa kabati haufungi? Tazama ukuta kabla ya bawaba

Simu nyingi huanza hivi: "Fundi, bawaba mlizonifungia mbovu. Mlango mmoja umepanda, mwengine umeshuka, na katikati pamebaki uwazi."

Tunakwenda. Tunafungua kabati, tunachukua bisbisi na kulegeza skrubu moja tu iliyo ndani kabisa, mara nyingi ile ya pembeni juu. Milango inarudi mahali pake, na mwenye nyumba anatutazama kama tumefanya mazingaombwe.

Kabati lilipotoka karakana lilikuwa sawasawa pembe zote nne. Likapelekwa kwenye ukuta wenye bonde, fundi akakaza skrubu mpaka mgongo ukagusa ukuta, na sanduku zima likajipinda kuufuata. Pembe moja ikivutwa nyuma milimita 5 tu, milango ya mbele itakusemea. Hapo hata ununue bawaba za bei gani, zitafuata sanduku lililopinda. Kosa hili tunalijua vizuri kwa sababu sisi wenyewe tulilifanya miaka yetu ya mwanzo, na zaidi ya mara moja.

Kazi zetu nyingi ziko hapa Unguja mjini, na kuta zetu ni za namna mbili. Kuna za Mji Mkongwe, za mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi. Waliozijenga hawakuwa na habari ya kabati la kuning'inia. Aliyetaka pa kuweka vyombo aliachiwa kidaka humo humo ukutani, na kwa kweli kidaka hakijawahi kumwangukia mtu. Halafu kuna kuta za matofali ya saruji za nyumba mpya. Wateja hudhani hizi zimenyooka kwa sababu zimepigwa rangi vizuri. Rangi haina habari na unyoofu. Plasta ikipigwa kwa jicho huwa nene juu na nyembamba chini, na kwenye kona ndiyo balaa.

Ukitaka kujua ukuta wako ukoje, usitegemee pima maji peke yake, maana ile fupi inakaa vizuri ndani ya bonde na kukwambia kila kitu sawa. Tafuta mbao iliyonyooka ya mita 2, iweke ukutani kwa ulalo pale kabati litakapokaa. Ikicheza kama pembea, katikati pana tumbo. Ikitulia lakini penseli inapita nyuma yake, pana bonde, na penseli ya kawaida ni kama milimita 7. Kisha isimamishe wima na urudie. Kona tunaipima kwa hesabu ya waashi: sentimita 60 upande huu, 80 upande wa pili, na mshazari lazima uje 100. Ukija 102 au 98, kona haiko skwea, na kabati la kona litakalotengenezwa kwa vipimo vya skwea halitakaa.

Tukishajua tumbo liko wapi, tunaanzia hapo. Sehemu iliyojitokeza zaidi ndiyo inayoamua mstari, kwa sababu ukuta huwezi kuusukuma ndani, ila bonde unaweza kulijaza. Tunafunga ukutani ubao mrefu wa mbao ngumu, unene kama sentimita 2, ukingo wake wa juu umekatwa mshazari wa digrii 45. Nyuma ya ubao, kila penye skrubu, tunapachika kabari mpaka ubao unyooke kwa uzi. Kabari ziwe pale pale skrubu inapopita. Ukiweka kabari pembeni yake, skrubu inapokazwa inauvuta ubao ndani ya bonde, na umerudi ulikotoka. Kabati nalo lina ubao wa aina hiyo mgongoni, uliokatwa kuelekea chini. Unalinyanyua, unalishusha, mshazari unakaa juu ya mshazari. Chini kabisa tunaweka kabari nyengine na skrubu moja au mbili za kulizuia lisichezecheze. Hizo zinakazwa kwa mkono, si kwa mashine.

Kwa nini ubao wote huo? Piga hesabu. Kabati la upana wa sentimita 80 la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 lina kilo zaidi ya 20 likiwa tupu. Tia sahani dazeni mbili, mabakuli, birika, na ile seti ya vikombe isiyotolewa mpaka Sikukuu, unakaribia kilo 50. Uzito huo hauvuti chini tu. Kabati lina kina, kwa hiyo linataka kujing'oa kutoka juu. Skrubu mbili zilizopita kwenye kibao chembamba cha mgongo haziwezi kazi hiyo.

Plasta nayo haibebi kitu. Skrubu ipite ubao, ipite kabari, ipite plasta, kisha iingie sentimita 5 au zaidi kwenye tofali lenyewe, na plagi yake, kile kibomba cha plastiki kinachoishika skrubu, ikae humo, siyo ndani ya plasta. Ndiyo maana tunatumia skrubu ndefu kuliko wateja wanavyotarajia.

Mji Mkongwe kazi ni ya masikio. Drili ikiimba, umepata jiwe. Ikizama ghafla na kutoa vumbi laini, umeingia kwenye chokaa, na plagi ya hapo itatoka kwa vidole. Tunasogea sentimita chache tukatafute jiwe. Ubao mrefu unaturuhusu, kwa sababu tundu si lazima liwe pale kabati linapotaka. Kwanza tunatoboa bila kugonga, kwani mpigo wa mashine hulitikisa jiwe ndani ya chokaa na tundu la milimita 10 linageuka pango. Jiwe likikosekana kabisa, tunapuliza vumbi lote na kujaza gundi ile ya kushikia nondo, tunaiacha igande, ndipo tunaning'iniza. Mteja atasubiri mpaka kesho yake. Na tafadhali, msinyooshe ukuta wa chokaa kwa plasta ya saruji ili kabati likae. Ukuta ule unapumua. Ukiuziba, unyevu na chumvi hubaki ndani na plasta hubanduka vipande vipande.

Uwazi mdogo nyuma ya kabati, kwa hiyo, sisi hatuuogopi. Hewa inapita na mgongo wa MDF hauvimbi. Kinachokera ni ule unaoonekana ubavuni. Huo tunauziba kwa ufito, yaani kipande chembamba kirefu cha mbao. Tunausimamisha wima ubavuni mwa kabati, tunachukua kipande cha mbao chenye unene wa ule uwazi mpana kuliko wote, tunaweka penseli juu yake na kukiburuza ukutani toka juu mpaka chini. Penseli inachora tumbo na bonde vilevile vilivyo. Tunakata kwa kufuata mstari, tunapitisha randa, na ufito unakaa kama umeota hapo. Silikoni ni kwa uwazi mwembamba kama nywele uliobaki tu. Ukiona fundi anajaza sentimita nzima kwa silikoni, mzuie.

Kwa nyumba mpya ambayo bado haijawekwa vigae, bonde likizidi sentimita 2, tutakwambia umwite mwashi kwanza. Tunapoteza siku, lakini ni rahisi kwako kuliko kabari nene kila mahali.

Bei hatutoi kwa picha ya simu, maana picha haioneshi tumbo. Tunakuja na mbao yetu ya mita 2. Wewe tuondolee vyombo ukuta ule, na utuoneshe soketi na mabomba yalipo. Waya mara nyingi hupanda wima juu ya soketi, na hapo hatutoboi.