Barua ya wazi kwa Waziri wa mambo ya Afrika Mashariki: tuacheni basi hata tuzikane

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nyamirambo, Kigali. Sijaandika wewe ni waziri wa Rwanda au wa Burundi, na nimefanya makusudi. Barua ni moja na mnaweza kuisoma pamoja bila mkalimani, si mmoja akisema Kirundi mwenzake anamjibu Kinyarwanda na stori inaendelea tu?

Mheshimiwa, mwaka 2013 mlisaini kule Kampala kwamba ikifika 2024 Afrika Mashariki itakuwa na sarafu moja. 2024 ikafika kweli, sarafu hatukuiona, tukaona tarehe 11 Januari Burundi inafunga mpaka na Rwanda. Sasa mnasema sarafu ni 2031, hongereni. Ila wazee wetu faranga moja walikuwa nayo tayari, ya Rwanda na Burundi, ikavunjwa 1964, miaka miwili tu baada ya nchi hizi kupata uhuru siku moja, 1 Julai 1962. Kabla ya hapo tulikuwa Ruanda-Urundi, tunatawaliwa na Mbelgiji kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na Umoja wa Mataifa ulitaka tubaki nchi moja, wakubwa wakakataa. Sawa, yamepita, sidai turudi huko, kila mtu ana bendera yake na anaipenda. Lakini kugawana nchi sijui nani aliwaambia ni kugawana na mama zetu.

Maana mama yangu kazaliwa Buyenzi, Bujumbura, kaolewa huku Kigali. Wiki iliyopita mdogo wake kafariki hukohuko Buyenzi. Simu imekuja alfajiri, na sisi Waislamu unajua maiti hailazwi, adhuhuri wameshaswali wanaenda kuzika. Mpaka ulipokuwa wazi unapanda basi asubuhi, unavuka Kanyaru, unafika hata kama umechelewa kidogo. Sasa hivi inabidi uzunguke Rusumo, uingie Tanzania, upite Ngara mpaka Kabanga, ndo uvuke Kobero uanze kuitafuta Bujumbura, nauli yenyewe ya kukopa, mtu mzima na miguu yake inavimba. Kwa hiyo mama kazika kwa WhatsApp. Mtandao unakatikakatika, yeye kashika simu anauliza wameshamfukia? wameshamfukia? na mimi sina la kumjibu.

Tunaambiwa ni mambo ya usalama, Burundi inasema Rwanda inasaidia waasi, Rwanda inakataa, na sisi mtaani tunahisi na vita vya Kongo vimeingia humo humo. Inawezekana. Mimi siyajui ya ikulu. Ninachojua mwasi hapangi foleni Kanyaru na kitambulisho mkononi, anayepanga foleni ni bibi mwenye kitenge na kikapu.

Na cha kuchekesha, utamaduni wetu mnaupenda sana ukiwa mbali. Ngoma za Burundi zimeingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2014, ngoma ya Intore ya Rwanda ikaingia 2024, mwaka uleule wa kufunga mpaka, mkapigiwa makofi. Sherehe ya mavuno ipo kwenu wote wawili, posa za ng'ombe zilezile, hata Mungu tunamwita Imana pande zote. Yaani ngoma inafika UNESCO, mama yangu hafiki Buyenzi! Na ile itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, inayosema watu watembee huru, imeanza kazi tangu Julai 2010, mheshimiwa, sijaitunga mimi.

Nilitaka kuomba mfungue kila kitu, malori, wanafunzi, biashara ya ndizi na samaki. Naona nitakuwa naota. Basi fungueni kwa wenye misiba tu. Mtu aonyeshe karatasi ya mwenyekiti wa mtaa, mkague mzigo, mkague hata viatu, apite akazike, arudi. Kama hilo nalo kubwa, ruhusuni wazee peke yao. Mama anataka kwenda kwenye arobaini ya mdogo wake na hataki kusikia habari ya Rusumo. Tunaomba hiyo arobaini tu, mheshimiwa, mengine tutasubiri.

Mwananchi wenu, wa pande zote mbili